Maswali Mnayoniuliza Mara kwa Mara: Faraja, Imani na Furaha Wakati wa Majaribu

Nilikuwa mwuguzi kwa miaka zaidi ya thelathini, na sasa ni mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa Moravian huku Rungwe. Maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la wodi, jikoni kwa watu, na njiani nikitoka sokoni Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani. Mengi nimeulizwa msibani, kwa sauti ya chini, mchungaji asisikie. Nimeyaandika kama yalivyokuja. Mimi si mchungaji, kwa hiyo mkiona nimekosea fundisho, mwulizeni yeye. Mkiona nimekosea kuhusu huzuni, niulizeni mimi.

Nimemkasirikia Mungu. Je, ni dhambi?

Umemwambia mwenyewe, au umewaambia majirani tu? Naanzia hapo kila mara.

Mama mmoja wa upande wa Kiwira alizika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja. Nilipokwenda kumwona nilimkuta shambani anachuma chai. Hakusimama kunisalimu. Aliendelea, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, anatupia kapuni mgongoni bila kutazama. Kisha akasema, "Mwambie Mungu wako mimi na yeye hatusalimiani." Nikamjibu, "Mwambie wewe, mimi sibebi salamu za namna hiyo." Jumapili ya tatu baada ya siku ile alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Wimbo ukaimbwa, yeye kimya. Kwangu mimi ile ilikuwa sala, tena ya kweli kuliko nyingi zilizosemwa pale mbele.

Fungua Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Mtu anayesema hivyo hajaacha imani. Anayeacha imani hunyamaza, maana hana tena wa kumlalamikia. Katika zile zaburi 150, karibu theluthi ni vilio na malalamiko. Na ya 88 haigeuki kabisa kuwa sifa: inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Walioikusanya Biblia wangeweza kuiondoa. Waliiacha, na mimi nawashukuru kila wiki.

Kwenye msiba wananiambia "Bwana ametoa, Bwana ametwaa, usilie". Je, nikilia nakosa imani?

Hapana. Ule mstari ni wa Ayubu sura ya 1, nao ni mzuri, lakini aliusema Ayubu mwenyewe kuhusu watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na jirani aliyekuja na kiti chake cha plastiki na kuondoka saa kumi. Tena watu wakishaukariri hawaendelei kusoma. Sura ya 3 Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Sura baada ya sura anabishana na Mungu, na rafiki zake wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri yaliyopangika. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale rafiki, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Mimi nilishangaa siku niliyoliona hilo, na nilikuwa nimekwisha kuwa mzee wa kanisa!

Jambo jema walilofanya wale rafiki ni lile la kwanza. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyefungua mdomo. Wangeondoka siku ya nane tungewakumbuka kwa heshima.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Wengi wanaisoma nusu, wanaishia kwenye "msihuzunike". Na Yesu, aliyejua kabisa kwamba baada ya dakika chache atamwita Lazaro atoke kaburini, alilia kwanza. Basi lia, mwanangu. Kanga ya kufutia machozi haijawahi kuisha huku kwetu.

Nimwambie nini mtu aliyefiwa?

"Pole." Halafu tafuta kazi ya kufanya. Chota maji, pasua kuni, menya ndizi, shika daftari la rambirambi kama mwandiko wako unasomeka. Usimwulize mfiwa nikusaidie nini. Kichwa chake hakina nafasi ya kukupangia kazi.

Na usije siku ya mazishi tu. Siku hiyo watu wanajaa mpaka barabarani, sufuria za pilau hazitoshi, kila mtu yupo. Turubai likishashushwa na wageni wa Dar es Salaam wakishapanda mabasi, ndipo nyumba inakuwa kubwa. Nenda wiki ya tatu. Nenda mwezi wa tatu, beba maharage kidogo, kaa, ongea habari za mvua. Taja jina la marehemu. Watu wanaogopa kulitaja wakidhani watamkumbusha mfiwa, kana kwamba alikuwa amesahau.

Katika Wakorintho wa Pili sura ya 1 Paulo anamwita Mungu "Mungu wa faraja yote", na anasema tunafarijiwa ili tuweze kuwafariji wengine. Zamani nilidhani faraja ni kitu kinachoshuka moyoni usiku ukiwa peke yako kitandani, na kwa wengine huja hivyo, sikatai. Kwangu mara nyingi imepiga hodi mlangoni, imevaa kitenge, na kichwani ina ndoo ya maji.

Tuliomba na kufunga, mgonjwa akafa. Imani yetu ilikuwa ndogo?

Swali hili limewaumiza watu wengi, na nina hasira na waliolipanda. Kuna anayesimama mbele ya mjane na kumwambia mumewe angepona kama nyumbani kungekuwa na imani. Mjane anatoka hapo na misiba miwili.

Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, haukuondolewa. Alichopewa ni neno hili: "Neema yangu yakutosha." Utasema Paulo hakuwa na imani? Yesu naye Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka.

Nilizika mdogo wangu. Lori lilifeli breki kwenye mteremko, yeye alikuwa anatembea kando ya barabara na mzigo wa maparachichi. Alikaa wodini siku sita. Mimi mwuguzi, ninayejua kusoma chati, niliona siku ya pili tu kwamba hatoki, na bado niliomba siku zote sita kama mtu asiyejua kusoma. Sijui kuita ile imani kubwa au ndogo. Niliomba kwa sababu nilimpenda na kwa sababu kulikuwa na wa kumwomba. Hakupona. Nimeacha kujiuliza ningeomba vipi vingine, lakini kuacha huko kulichukua miaka.

Nimeombewa na kuambiwa nimepona. Niache dawa?

Usiache dawa. Kama umepona kweli, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayekuambia la kufanya. Mungu haogopi maabara.

Nasema kwa ukali kwa sababu mikoa yetu hii imeona mengi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha Njombe ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima, na Iringa ikifuata kwa karibu. Miaka ya tisini, kabla dawa hazijafika, kule Makete na vijiji vingi vya huku nyanda za juu ulikuta bibi analea wajukuu tisa kutoka kwa watoto wake wanne, wote wamekufa. Niliwafunika wengi kwa mikono hii. Kisha dawa za kufubaza virusi zikaja, na watu tuliokuwa tumewaandalia sanda leo wanalima viazi. Ukiniambia dawa si jibu la maombi yale ya miaka ya tisini, tutakosana. Anayekuambia uzitupe chooni ili kuonyesha imani, mkimbie, hata awe na kipaza sauti kikubwa namna gani.

Ndugu wanasema tumelogwa, tukapige ramli tujue nani. Mkristo afanye nini?

Asiende. Najua si rahisi. Msiba wa ghafla unataka mtu wa kulaumiwa, na baraza la ukoo likishakaa usiku, wewe unayekataa unaonekana kama humpendi marehemu, au mbaya zaidi, kama wewe ndiye mchawi mwenyewe. Lakini fuata njia ya ramli uone inaishia wapi: inaishia kwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, asiye na mtoto wa kumtetea.

Hili swali si geni. Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18 watu walitafuta sababu, naye akakataa kuwafanya marehemu kuwa waovu kuliko wengine. Hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Alikataa tu kumtupia mtu yeyote lawama, na hapo ndipo mimi ninaposimama ukoo ukiniita.

Nabii amesema nikipanda mbegu ya laki mbili, mtihani wangu utaisha. Nikope?

Usikope. Sisi ni wakulima. Mbegu ya viazi unaijua aina yake, unajua utavuna baada ya miezi mingapi, na ikikataa kuota unarudi kwa aliyekuuzia. Hiyo ya laki mbili utarudi kwa nani?

Sina usingizi, chakula hakipiti, hata kusali siwezi. Nimeachwa na Mungu?

Sisi Wanyakyusa tukikutana tunasalimiana "Ugonile", umelala? Nimeisema salamu hiyo maisha yangu yote bila kuisikiliza, mpaka miezi ile baada ya kumzika mdogo wangu, nilipotamani kumjibu mtu, "Hapana, sijalala tangu Agosti."

Soma Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya, nabii aliyeshusha moto mlimani, amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti anaomba afe. Tazama Mungu alivyomtendea. Hakumhubiria. Hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale. Malaika akamgusa: amka, ule. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, chakula tena. Mazungumzo kuhusu wito na kazi yalikuja baadaye kabisa, Horebu, baada ya safari ya siku arobaini.

Kwa hiyo anza na uji. Nasema kweli. Uji wa ulezi, vijiko vitano, hata kama hutaki. Toka nje upate jua likitoka, maana huku Tukuyu halitoki kila siku. Mtu mwingine asali kwa niaba yako. Wale wanne waliomshusha yule mwenye kupooza kwa kutoboa dari hawakumdai imani yake kwanza.

Na kama hali hii imepita wiki mbili, au unaanza kufikiria kujiua, au kila asubuhi unaona watu wangekuwa salama zaidi bila wewe, mwambie mtu leo. Leo, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda hospitali, uliza huduma ya afya ya akili. Sonona ni ugonjwa, una tiba, na kuutibu hakupunguzi imani kama vile kufunga plasta mguu uliovunjika hakupunguzi imani. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, usimwache peke yake, na ondoa dawa za shambani za kuua wadudu, zisikae mahali anapoweza kuzifikia. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu nimefanya kazi wodini katika nchi ya wakulima.

Yakobo anasema tuhesabu majaribu kuwa furaha tupu. Kweli inawezekana?

Nilimchukia Yakobo miaka mingi kwa mstari huo. Kilichonisaidia ni neno moja: "hesabuni". Hakusema "jisikieni". Kuhesabu ni kazi ya daftari. Katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa anaandika fedha mahali pake hata siku ana malaria. Yakobo anasema jaribu liandike kwenye ukurasa wa vitu vitakavyozaa kitu, saburi, ijapokuwa leo linauma na huoni linazaa nini. Unaweza kuliandika hapo huku unalia. Wino utasambaa kidogo.

Halafu soma Habakuki, sura ya 3, mwishoni. Mtini hauchanui, mizabibu haina kitu, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna ng'ombe, naye anasema walakini atamfurahia Bwana. Mwaka ule baridi ilipounguza viazi kwa watu wa juu, nilisikia mzee mmoja akiisali sala hiyo kwa lugha ya nyumbani, amebadilisha mazao: hata viazi vikiungua, hata ndizi zikinyauka, hata bei ya chai ikianguka na ng'ombe akafa akizaa, nitakufurahia wewe, Kyala. Kyala ndilo jina la Mungu kwa Kinyakyusa. Sauti yake haikuwa ya furaha hata kidogo. Ilikuwa ya mtu anayeshikilia kamba ya ng'ombe kwenye matope, hataki kuiachia.

Nianze kusoma wapi?

Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Kisha 42, 88, 130. Warumi 8 iache mpaka umelia vya kutosha. Wamoravian tuna kijitabu cha mistari ya kila siku. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, na mistari inachapwa kila mwaka tangu 1731. Kizuri chake ni kwamba hukuchagua wewe. Siku nyingine mstari haukugusi kabisa. Siku nyingine unakugusa mpaka unafunga kitabu na kutazama nani yuko mlangoni.

Mimi si Mmoravian. Haya yananihusu?

Mlutheri, Mkatoliki, Mpentekoste, njoo tu. Hata Mwislamu jirani yangu tumesomeana habari za Ayubu, yeye akamwita Ayubu vilevile, na subira yake anaijua kuliko mimi.

Lini nitafurahi tena? Na nikicheka, si nitakuwa nimemsahau?

Hutamsahau. Kuhusu lini, nitakusimulia Pasaka yangu.

Wamoravian huenda makaburini alfajiri ya Pasaka. Vijana wa Herrnhut ndio walioanza, mwaka 1732, na wamisionari waliofika hapa Rungwe mwaka 1891 walikuja na kanisa lenye desturi hiyo. Tunatoka gizani, saa kumi na moja, na taa na matarumbeta. Mwezi wa Aprili huku ni mvua kwelikweli, Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na nyingi hushuka miezi hiyo, kwa hiyo unaweza kupiga picha: ukungu, matope mpaka kwenye vifundo, migomba inadondosha maji shingoni mwako. Mnasimama katikati ya watu wenu mliowazika. Unajua nani yuko wapi. Jua likikaribia kutoka mchungaji anaita, "Bwana amefufuka!" na watu wote wanajibu, "Amefufuka kwelikweli!"

Pasaka ile mdogo wangu alikuwa na miezi minane kaburini. Udongo ulikuwa umetitia upande mmoja, saruji ilikuwa haijawekwa. Nilikwenda kwa sababu mzee wa kanisa hawezi kukosa, si kwa sababu nilitaka. Kijana mmoja mwenye tarumbeta kubwa alisimama hatua mbili kutoka kaburini, akavuta pumzi kwa heshima zote, akapuliza. Nadhani mvua ya usiku ilikuwa imeingia ndani. Ilitoka sauti ya ndama aliyekwama, ndefu, halafu maji yakaruka yakamwagikia mwenzake wa mbele kisogoni.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika msalaba wa mbao wa mdogo wangu nisianguke, kisha aibu ikanishika, nikaziba mdomo kwa kanga nikitazama chini. Yeye angecheka kwanza kuliko wote; alikuwa hivyo. Nilipoinua uso, yule mama wa Kiwira wa shamba la chai alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, ametoka kwake gizani kwa mguu. Alinitazama, mabega yanamtikisika.

"Ugonile," akaniambia.